"Chembe nyekundu zina maumbo yasiyo ya kawaida": je, mwanangu ana siko seli?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina binti wa miaka sita, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Tangu muhula uanze amekuwa mchovu, mwalimu anasema anasinzia darasani, na zaidi ya mara moja nimemkuta nyuma ya nyumba anakula udongo. Tulimpeleka hospitali akapimwa FBP (kile kipimo cha picha nzima ya damu), kisha wakasema damu ipakwe kwenye kioo itazamwe. HB ni 8.2. Chini ya karatasi mtaalamu wa maabara ameandika kuwa chembe nyekundu ni ndogo, zimepauka, ukubwa wake haulingani, na nyingi zina maumbo yasiyo ya kawaida: nyingine kama penseli, chache kama shabaha. Tumepewa dawa ya maji ya kuongeza damu, tukaambiwa turudi baada ya mwezi. Wifi yangu anasema hiyo ni siko seli, jirani anasema ni saratani ya damu. Usingizi umenipaa. Je, damu ya mtoto imeharibika? Aongezwe damu? Na juisi ya rozela ninayompa kila siku inasaidia? Picha ya karatasi nimeiambatanisha.

Jibu: Pole sana, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Karatasi uliyonitumia haionyeshi dalili ya saratani ya damu, na wala haielekei siko seli. Inaelekea upungufu wa madini ya chuma, tena wa muda mrefu, na huo unatibika ukapona kabisa. Nasema "inaelekea" kwa makusudi. Umbo la chembe linampa daktari swali zuri la kuuliza, na jibu hupatikana kwa kulisoma umbo hilo pamoja na namba nyingine, historia ya mtoto na kipimo kinachofuata. Wifi yako na jirani yako wameishia kwenye umbo.

Chembe nyekundu yenye afya ina umbo la kisahani kilichobonyea pande zote mbili. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8. Ukipanga chembe kama 130 kwa mstari mmoja ndipo unapata milimita moja. Huko kubonyea kuna kazi yake. Utando unabaki na nafasi ya ziada, hivyo chembe inaweza kujikunja na kupenya mahali pembamba kuliko yenyewe. Kwenye bandama kuna nyufa zenye upana wa mikromita moja au mbili tu, na chembe isiyoweza kujikunja hukwama hapo ikaondolewa. Chembe nzima hufanya safari hiyo kwa takriban siku 120 kabla haijazeeka, na wakati huohuo uloto wa mtu mzima, yaani ute laini wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, unatoa chembe mpya kama milioni 2 kila sekunde.

Ndani ya utando kuna himoglobini, inayobeba oksijeni, ambayo ndiyo HB ya kwenye karatasi yako, na himoglobini haitengenezwi bila chuma. Chuma kinapopungua mwilini uloto hausimamishi kazi. Unaendelea kutoa chembe, lakini ndogo na zenye himoglobini haba. Ukizitazama kwenye hadubini, ule weupe wa katikati, ambao kwa kawaida huchukua theluthi moja ya upana wa chembe, unatanuka mpaka wekundu unabaki kama pete nyembamba ukingoni. Baadhi ya chembe zinarefuka na kuwa nyembamba, hizo ndizo alizoziita penseli. Zile za shabaha, zenye doa jekundu katikati ya duara jeupe, hutokea utando unapokuwa mkubwa kuliko kilichomo ndani yake. Na kwa kuwa chembe za zamani, zilizotengenezwa chuma kingali kipo, bado zinazunguka pamoja na hizi mpya, ukubwa haulingani. Kwa hiyo, mama, damu ya binti yako haijaharibika. Inatengenezwa na uloto wenye afya uliokosa malighafi.

Sasa tusome namba, maana ndizo zinazonipa moyo. HB 8.2 kwa mtoto wa umri wake ni upungufu wa damu wa kiwango cha kati. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 11.5 kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na upungufu mkali ni chini ya 8. MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe, ni 64, chini sana. RDW, inayopima jinsi ukubwa unavyotofautiana, ni 19, iko juu. Idadi ya chembe nyekundu ni 4.1. Kuna hesabu ya zamani ambayo wengi wetu tunaifanya pembeni mwa karatasi: gawanya MCV kwa idadi ya chembe nyekundu. 64 kwa 4.1 inatoa kama 15.6. Ikizidi 13 tunafikiria kwanza upungufu wa chuma. Ikiwa chini ya 13 tunafikiria talasemia, ugonjwa wa kurithi ambao nao hutoa chembe ndogo na shabaha nyingi. Hesabu hii si ya kuiapia, ila inaelekea upande uleule wa penseli, wa RDW na wa udongo anaokula.

Kuhusu saratani ya damu, tazama mistari ya chembe nyeupe. Ni 7.2, mchanganuo wake ni wa kawaida, na aliyetazama kioo hakuandika kuwa ameona chembe changa ambazo hazipaswi kutoka nje ya uloto. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni 510, zimezidi kidogo, jambo ambalo upungufu wa chuma hulifanya mara nyingi kwa watoto. Saratani ya damu kwa mtoto kwa kawaida huvuruga chembe nyeupe na kushusha chembe sahani, na mara nyingi huja na homa zisizoisha, michubuko isiyoelezeka, maumivu ya mifupa, tezi zilizovimba. Hujaniandikia hata kimoja kati ya hivyo.

Siko seli, au selimundu, inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hofu ya wifi yako haikutoka hewani. Makadirio yanayotumika nchini ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Ugonjwa huu umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekuwa kali kwa vizazi vingi, kwa kuwa mtu aliyerithi vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo, lakini jiji hili leo lina familia kutoka Mwanza, Tabora, Mara na Pwani, hasa baada ya serikali kuhamia, na daktari wa hapa hawezi kusema "huku kwetu hakuna".

Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alichapisha maelezo ya kijana kutoka Grenada aliyekuwa na upungufu wa damu, na katika damu yake kulikuwa na chembe ndefu zilizopinda kama mundu. Herrick alieleza umbo lile kwa uangalifu mkubwa, lakini ugonjwa wenyewe hakuujua. Ilichukua hadi mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walipotenganisha himoglobini kwa umeme, ndipo ikajulikana kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini yenyewe. Hatua hizo mbili ndizo tunazozifuata hadi leo: kioo kinatushtua, na kipimo cha kutenganisha himoglobini, elektroforesisi, kinathibitisha.

Kwa binti yako kioo hakikuonyesha mundu. Hilo peke yake halitoshi kumtoa kwenye shaka. Mtu mwenye AS, aliyerithi upande mmoja, huwa na kioo cha kawaida kabisa. Kinachonituliza zaidi ni historia. Mtoto mwenye SS, aliyerithi pande zote mbili na ndiye mgonjwa, kwa kawaida huanza kuonyesha dalili baada ya miezi sita ya kuzaliwa: vidole vya mikono na miguu vinavimba na kuuma, macho yanakuwa ya njano mara kwa mara, analazwa kwa maumivu, anaongezwa damu. Kufika miaka sita bila lolote kati ya hayo, halafu MCV ikawa 64, si picha ya kawaida ya SS. Hata hivyo ningependa apimwe mara moja na jibu litunzwe maisha yake yote. Omba elektroforesisi au kipimo cha haraka kinachotenganisha AA (asiyerithi kabisa), AS na SS. Kile kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinageuka mundu kinakwambia tu kwamba himoglobini S, yaani ile ya selimundu, ipo. Hakikwambii kama mtoto ni mbebaji au mgonjwa, na nimeona wazazi wengi wakilia bure kwa sababu ya jibu la aina hiyo.

Akiwa AS, hana ugonjwa, na ninyi wazazi mtajua kwamba angalau mmoja wenu ni mbebaji. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye SS. Na mwenye SS siku hizi ana tiba za kweli: penisilini ya kinga na chanjo utotoni, haidroksiyurea inayopunguza maumivu na kulazwa, na kwa baadhi ya watoto wenye ndugu anayelingana nao, kupandikizwa uloto, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma imekwisha kuianza.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi. Maumbo mengine hutengenezwa na sisi wenyewe, nje ya mwili. Damu ya FBP huwekwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia isigande. Ikikaa humo saa nyingi, tuseme imechukuliwa asubuhi kwenye zahanati ya kijiji huko Chamwino na kufika mjini jioni katika joto la Novemba, chembe huota miiba midogo kuzunguka ukingo. Mtu asiye makini ataandika miiba hiyo kama dalili ya ugonjwa wa figo. Kioo kikikauka vibaya, au spiriti ya kugandishia ikiingia maji, katikati ya chembe hutokea pete zinazong'aa, ukadhani ni shabaha. Na kwenye ncha nyembamba kabisa ya upako kila chembe inaonekana duara isiyo na weupe katikati. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hutafuta sehemu ile ambapo chembe zinagusana kidogo tu bila kupandana, na huko ndiko anakohesabu. Karatasi yako inaniambia aliyeisoma alifanya kazi yake vizuri: ameeleza ukubwa, rangi na umbo, na vyote vitatu vinakubaliana na mashine.

Wasomaji wengine huniuliza juu ya maumbo tofauti na ya binti yako, kwa hiyo niyaguse. Chembe kubwa za mviringo kama yai hutufanya tutafute upungufu wa foliki asidi au vitamini B12, pombe ya muda mrefu, au dawa fulani kama zidovudini ya VVU. Chembe ndogo za duara zilizojaa rangi, zisizo na weupe, hutokea kwa watu wa koo chache wanaorithi utando dhaifu, na kwa wale ambao kinga yao wenyewe inashambulia damu. Chembe zinazoonekana kama zimemegwa ukingoni huonekana kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu, baada ya dawa kama primakwini au dapsoni, na mkojo huwa wa rangi ya kokakola. Chembe za umbo la tone, zikiwa nyingi kwa mtu mzima mwenye bandama kubwa, hutupeleka kuchunguza uloto. Chache kwa mtoto mwenye upungufu wa chuma hazinitishi.

Umbo moja halisubiri kesho: vipande vya chembe zilizokatika, vyenye pembe kama kofia ya askari. Vikionekana pamoja na chembe sahani zilizoshuka, maana yake mara nyingi ni kwamba damu inakatwakatwa ndani ya mishipa midogo. Mama mjamzito mwenye presha ya juu na maumivu ya juu ya tumbo, au mtoto aliyetoka kuharisha damu na sasa hapati mkojo, akiwa na vipande hivyo anatakiwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Binti yako hana hilo.

Turudi kwake. Kuongezwa damu hahitaji. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoto inataja HB chini ya 4, au kati ya 4 na 6 pale mtoto anapopumua kwa shida, moyo unapozidiwa au fahamu zinapopungua. Damu ya kuongezwa ina hatari zake, tena kuna mtoto mwingine anayeihitaji usiku huu. Lakini ukiona anahema akiwa amekaa, moyo unadunda kwa kasi hadi unauona kifuani, midomo imekuwa myeupe, au amezimia, usingoje mwezi uishe.

Dawa uliyopewa ni sahihi, ila soma chupa, maana dawa nyingi za maji za "kuongeza damu" zina vitamini tele na chuma kiduchu. Kwa kawaida mtoto mwenye upungufu huhitaji kama miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Peleka chupa kwa daktari au mfamasia akupigie hesabu kwa uzito wake, usikisie. Mpe tumbo likiwa tupu kama analivumilia, kwa maji au kwa juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Asukutue baada ya kunywa, kwa sababu dawa ya maji huchafua meno. Na chupa iwekwe juu, mbali kabisa na watoto: chuma kingi kwa mara moja kinaweza kuua mtoto mdogo, na dawa hizi zina utamu wa kuvutia.

Chai ndiyo adui ambaye nyumba nyingi haimdhanii. Kikombe cha chai, iwe ya rangi au ya maziwa, kikinywewa pamoja na chakula au dawa, huzuia sehemu kubwa ya chuma kisifyonzwe. Chai isubiri angalau saa moja hadi mbili. Kama binti yako anakunywa chai asubuhi na mkate, halafu tena na kiporo saa nne, huenda sehemu ya tatizo ipo hapo. Maziwa mengi mno nayo hufanya vilevile.

Rozela sina ugomvi nayo kama kinywaji, lakini wekundu wake hauna uhusiano na wekundu wa damu, na haiwezi kuitoa HB kwenye 8.2. Ningependa zaidi umpe ubuyu ulioloweshwa kwa maji bila kuchemshwa. Una vitamini C nyingi, na vitamini C husaidia chuma cha kwenye mboga na nafaka kufyonzwa. Chuma kinachofyonzwa kirahisi kipo kwenye maini, nyama, dagaa na samaki. Kidogo tu kinatosha kusaidia hata maharage na kunde za sahani hiyohiyo. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda ni chakula kizuri chenye chuma ndani yake, lakini nafaka hizo zina vitu vinavyokishikilia. Unga wa uji ukichachushwa usiku kucha, vitu hivyo hupungua.

Udongo msimchape wala kumwaibisha. Upungufu wa chuma wenyewe huleta hamu hiyo, na mara nyingi hamu huisha mwanzoni mwa tiba, hata kabla HB haijapanda sana. Lakini udongo una mayai ya minyoo, kwa hiyo muulize daktari kuhusu dawa ya minyoo kama hakupata ile inayogawiwa shuleni. Muulize pia kuhusu kipimo cha choo, kwa kuwa minyoo ya safura hunyonya damu polepole bila kelele. Damu kwenye choo au mkojo ni jambo la kumtajia daktari hata kama iliisha yenyewe.

Kipimo kinachoweza kuthibitisha ni feritini, akiba ya chuma mwilini. Kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea, chini ya 15 ni upungufu. Asipimwe akiwa na homa au kikohozi, kwa sababu maambukizi huipandisha feritini, ukapata jibu la kukufariji kwa uongo. Kama gharama ni kikwazo, tiba yenyewe ni kipimo: HB ikipanda kwa kiasi cha 1 au zaidi ndani ya wiki nne, tumepata mchawi. Isipopanda, na una hakika dawa alikuwa anainywa bila chai, basi tunatafuta kingine, ikiwemo talasemia ya alfa, ambayo watu wengi Afrika Mashariki wanayo kwa aina nyepesi bila kujua.

Kosa linalorudisha watoto wengi kliniki ni kuacha dawa HB ikifika 11.5. Wakati huo mtoto anakimbia na kucheza, na mzazi anaona chupa ya pili haina haja. Akiba bado iko tupu. Endelea miezi miwili hadi mitatu zaidi baada ya HB kuwa sawa.

Siku ya kurudi nenda na karatasi hii ya kwanza, chupa ya dawa na kadi ya kliniki. Omba FBP irudiwe, na kama inawezekana damu ichukuliwe hapohapo penye maabara ili kioo kipakwe mapema. Usitegemee penseli ziwe zimekwisha kwa mwezi mmoja. Chembe za zamani zinaishi hadi siku 120, na RDW inaweza hata kupanda zaidi mwanzoni kwa kuwa chembe mpya nzuri zinachanganyika na zile ndogo. Na kama binti yako ana wadogo zake wanaokula naye sahani moja na kunywa chai ya birika moja, nenda nao siku hiyohiyo wakapimwe HB.